Inaangalia Tu

Simu waliiegemeza kwenye chupa ya chai, katikati ya meza, ili Mama aonekane vizuri. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea. Alikalia ukingo wa kiti kama mtu aliye mbioni kuondoka, kumbe ni ile nyonga ya kulia tu, haikuwa ikimruhusu kukaa sawasawa.

"Mnaniona?" alipaza sauti, utadhani wanawe walikuwa ng'ambo ya barabara.

"Tunakuona, Mama. Tunakusikia pia, usijitese," Kaka Mkubwa alijibu akicheka. Alikuwa ndani ya gari la mfanyakazi mwenzake, nje ya kiwanda cha mikate alichofanyia kazi huko ugenini, unga bado umemganda kwenye nyusi. Upande wa pili wa kioo, pale alipopaswa kuonekana Kitinda, palikuwa peusi.

"Na wewe Kitinda, mbona giza? Hata huko umeme unakatika?"

"Kamera imeharibika, Mama."

"Haya. Mradi sauti ipo." Mama aligeuza uso kwa mkwewe, fundi bomba, aliyekuwa akipuliza chai yake karibu na dirisha. "Unamsikia huyu? Wa mwisho kuzaliwa, lakini kila mwezi wa kwanza kutuma. Mwezi huu kamtangulia hata kaka yake."

Kitinda alikohoa. Msusi, dada yao, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa na Mama, alijitia kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

Kaka Mkubwa hakuwa na muda mrefu. Daktari alikuwa ametoa jibu: nyonga ya Mama inahitaji operesheni, na isicheleweshwe. Swali lilikuwa kama pochi ya familia itaimudu. Hiyo pochi haikuwa ya kushikwa mkononi. Ilikuwa ndani ya simu ya Msusi, na ndugu hao wawili walikuwa wakiitumia kumpelekea Mama matunzo kwa sarafu za mtandaoni, kwa kuwa njia nyingine zilikuwa zikikata makato ya kuumiza roho. Sarafu zikifika, Msusi huenda kwenye kibanda cha Mbadilishaji, sokoni, akabadilishiwa ziwe pesa za kununulia dawa na chakula.

"Nimepata kitu cha kutusaidia," alisema Kaka Mkubwa. "Ni programu ya akili mnemba, wanaiita wakala. Unaituma kazi, yenyewe inakwenda kuifanya. Nimeiambia ipitie miamala yote ya pochi, kilichoingia na kilichotoka, halafu itupangie hesabu ya hospitali."

"Si ungeniuliza mimi?" alisema Msusi. "Pochi ninayo mimi."

"Wewe utaniambia unachokumbuka. Hii itasema inachoona."

"Sasa shemeji," fundi bomba alidakia, "ikiona hela haitaingiwa na tamaa?"

Wote walicheka. "Inaangalia tu, shemeji. Haiwezi kutoa hata senti. Dada, nimekutumia ombi, hebu likubali."

Ombi lilijitokeza kwenye kioo, juu ya uso wa kaka yake na ule mraba mweusi wa Kitinda. Maneno yalikuwa machache na ya adabu: wakala huyu anaomba kuona historia ya miamala ya pochi hii, hataweza kutuma wala kutoa fedha. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Kataa na Ruhusu. Kidole gumba cha Msusi kilibaki kikielea hewani.

"Vipi? Mtandao?"

"Hapana. Nasoma."

"Unasoma nini, dada? Una nini cha kuficha?"

Kaka Mkubwa hakuyasema kwa ubaya. Alikuwa akitania tu, na fundi bomba alitabasamu kwa utani huo. Lakini Mama aliacha kupapasa nyonga yake, akainua macho kumtazama binti yake. Msusi akabonyeza Ruhusu.

Kitinda akasema mtandao wake unasumbua, akatoka.

*

Alichokuwa akificha Msusi kilikuwa hiki. Kitinda hakuwa na kazi. Ghala alilokuwa akipakia mizigo lilifungwa tangu mvua zilizopita, na tangu hapo alikuwa akilala kwa huyu na yule, akiokota vibarua vya siku moja moja. Alimwambia dada yake peke yake, tena kwa kilio. Msusi akamwambia asijali, mwezi huo atamfichia. Akachukua mapato yake ya kusuka, akanunua sarafu kwa Mbadilishaji zikaingia kwenye pochi, akamtumia Kitinda. Baada ya siku moja mbili Kitinda akazirudisha kama mchango wake, akapiga simu: "Mama, zimefika?" Na Mama akafurahi mpaka akawaita majirani.

Ulikuwa uwe mwezi mmoja. Mwezi uliofuata Kitinda hakuomba, na Msusi hakungoja aombwe. Ikawa mazoea.

Kesho yake baada ya kubonyeza Ruhusu, saluni ilikuwa na watu. Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mwalimu mmoja wa shule ya jirani pale simu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa Kitinda. *Dada, kweli umekubali?*

"Mwalimu, nipe dakika."

"Na kichwa changu hiki? Nitaonekana kama shamba lililolimwa upande mmoja!"

"Narudi sasa hivi, dada yangu. Hakuna atakayekuona."

Alivuka soko karibu kukimbia, mafuta ya nywele yakiwa bado viganjani. Mbadilishaji alikuwa kijana mpole wa kauli, asiyeinua macho kutoka kwenye simu zake mpaka umalize kusema. Safari hii aliyainua kabla Msusi hajamaliza habari ya wakala.

"Hiyo inaangalia tu, dada. Hela yako haitoki."

"Najua haitoki. Nauliza, inaona za sasa tu au na za nyuma?"

"Zote. Tangu siku ya kwanza ulipofungua."

"Na majina je?"

"Majina haioni. Inaona namba za pochi. Ila pochi ya mdogo wako si kaka yako anaijua? Basi atajua tu."

Msusi alimpa simu amfungie. Mbadilishaji alitafuta, akabonyeza, akamwonyesha: ruhusa imeondolewa. "Haioni tena," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumdanganya mteja, aliongeza: "Lakini ilichokwisha kuona, imeshaona."

Msusi alisimama pale mlangoni, watu wakimpita na vikapu. Hapo ndipo angeweza kumpigia Kaka Mkubwa. Alijua hivyo wakati ule na alikuja kujua zaidi baadaye. Angemwambia, kaka, utaona kitu, tafadhali nisikilize kwanza, na usimwambie mtu. Kaka Mkubwa alikuwa mkali, lakini hakuwa katili. Msusi alishika simu mpaka kioo kikazimika chenyewe. Akajiambia mashine haina haja ya kutafuta umbea. Imetumwa hesabu ya hospitali, itatoa hesabu ya hospitali.

Akamwandikia mdogo wake: *Usiwe na wasiwasi. Inaangalia matumizi ya dawa tu.* Akarudi kumalizia kichwa cha mwalimu.

*

Taarifa ilitoka katikati ya wiki. Kaka Mkubwa aliisoma wakati wa mapumziko, amesimama kando ya tanuri, na hakuvuka ukurasa wa kwanza. Hapo juu kabisa wakala alikuwa ameandika, kwa lugha safi isiyokuwa na hasira wala huruma, kwamba kuna jambo linalostahili kuangaliwa: karibu kila mchango wa mchangiaji wa pili ulitanguliwa na kiasi kilekile kilichotoka kwenye pochi hii kwenda kwake. *Fedha inaonekana kuzunguka.*

Alisoma neno hilo, kuzunguka, mara kadhaa. Alifikiria zamu alizoongeza. Alifikiria mkewe aliyekuwa akimwambia kila siku kwamba ndugu zake wanamfanya punda, na jinsi alivyokuwa akiwatetea. Kisha aliituma taarifa yote kwenye kundi la familia, walimokuwemo Shangazi na binamu zao wote, na chini yake akaandika: *Leo jioni tuongee. Mama awepo.*

Shangazi, ambaye kazi yake kundini ilikuwa kutuma picha za maua asubuhi, aliandika neno moja tu. *Kumbe.*

Msusi alilisoma akiwa na kitana mdomoni. Alipiga, Kaka Mkubwa hakupokea. Alipiga tena. Alimpigia Kitinda, simu iliita mpaka ikachoka.

Jioni walikaa palepale mezani. Fundi bomba alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka kazini, suruali imelowa magotini. Hakuwa amesoma kitu, lakini alimwona mkewe na akaacha utani.

"Kaka," Msusi alianza kabla hajaulizwa, "naomba tuongee mimi na wewe, pembeni."

"Pembeni ndiko mlikokuwa siku zote," alisema Kaka Mkubwa. Uso wake ulijaa kioo kizima. "Leo tuongee hapa. Mama, naomba usikie. Hela ninayokutumia mimi, binti yako humtumia Kitinda. Kitinda huirudisha, mnaambiwa ni mchango wake. Nimekuwa nikilipa langu na la mwenzangu. Mnanizungusha kama mtoto."

"Si hivyo."

"Basi mashine imeongopa?"

"Haikuongopa. Lakini si hivyo."

"Haikuongopa, lakini si hivyo! Mama, unasikia lugha hiyo?"

Mama alikuwa akitazama simu, kisha binti yake, kisha simu. Hakuwa akielewa habari za wakala na mizunguko. Alichoelewa ni sauti ya mwanawe wa kwanza, ambayo hakuwa ameisikia imepasuka namna ile tangu siku walipomzika baba yao. Akageuka taratibu, kwa maumivu.

"Mwanangu," alimwuliza Msusi, "ulikuwa unakula hela ya kaka yako?"

Ule mraba mweusi wa Kitinda ulikuwa umekwisha kujitokeza kwenye kioo. Aliingia kimya, bila salamu. Msusi aliuona. Hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe: kwamba aliuona. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ndiyo, nilikula, nisameheni, akaitwa mwizi kwa wiki moja mpaka amweleze kaka yake faraghani. Lakini swali la Mama lilimwingia mahali ambapo hakuwa na kinga. Yeye aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani, aliyemkata kucha, aulizwe hivyo mbele ya mumewe.

"Hana kazi!" alipiga kelele. "Kitinda hana kazi, Mama! Halali hata kwake, analala sakafuni kwa watu. Hela unazomsifia ni zangu mimi, za kusuka vichwa vya watu. Nampa mimi akutumie wewe ili uwaite majirani! Hakuna ya Kaka hata moja. Haya, sasa mmejua. Mmefurahi?"

Nje jirani alikuwa akiburuta ndoo kwenye saruji.

"Dada," sauti ya Kitinda ilitoka kwenye ule weusi. Neno hilo moja tu, bila lawama, kama mtu anayeita akiwa usingizini. Kisha: "Mama, nisamehe."

Mraba ukapotea, na uso wa Kaka Mkubwa ukatanuka kujaza nafasi.

*

Fundi bomba hakumgombeza mkewe. Kesho yake asubuhi alikuwa uani akibadilisha mpira wa bomba lisilokuwa na ubaya wowote, na Msusi akaenda akasimama nyuma yake.

"Sema chochote," alimwambia.

"Nilipokuomba unisaidie kununua ile mashine ya kukatia mabomba, ulisema saluni haina watu."

"Watu walikuwepo."

"Najua. Nilikuwa nikipita, nawaona mpaka kwenye benchi la nje." Alikaza nati, akailegeza, akaikaza tena. "Sikukuuliza. Nilidhani unaweka akiba ya jambo letu. Nikasema, mwache, atanishtua siku moja."

Msusi akaokota spana iliyokuwa chini, akampa.

"Ungeniambia," alisema mumewe. "Ningempa hata mimi. Ni shemeji yangu yule."

Mchana Kaka Mkubwa alipiga, na alipiga kwa Msusi peke yake. Safari hii alikuwa amesoma taarifa mpaka mwisho. Ilikuwa imeandikwa, alisema, ukurasa wa pili: fedha zilizokwenda kwa mchangiaji wa pili ziliingia kwanza kutoka kwa mbadilishaji, wala hazikutokana na michango ya mchangiaji wa kwanza. Ilikuwa imeandikwa waziwazi, mtu yeyote angeelewa.

"Sikufika huko," alisema. "Niliona lile neno, nikapofuka. Nisamehe, dada. Nitaandika kundini, Shangazi na wote wajue."

"Utaandika nini? Kwamba Kitinda ndiye mwombaji?"

Hilo Kaka Mkubwa hakuwa amelifikiria. "Nimempigia tangu jana," alisema. "Haipatikani."

"Hata kwangu."

Siku yake ya mapumziko ilipofika, Kaka Mkubwa alipanda basi mpaka mji aliokuwa akiishi mdogo wake, safari ya kutwa nzima. Alimkuta mtu mmoja aliyewahi kulala chumba kimoja na Kitinda. Huyo alimwambia kwamba Kitinda aliondoka na begi lake, hakusema anakwenda wapi. Koti lake la baridi alikuwa ameliuza zamani. Kaka Mkubwa alirudi akiwa amevaa lake, na njia nzima alilisikia zito. Kundini hakuandika kitu. Shangazi aliendelea kutuma maua.

*

Operesheni ilifanyika. Kaka Mkubwa alitoa akiba aliyokuwa ameitengea gari, fundi bomba akaenda kwa wateja wake wa zamani waliokuwa wakimzungusha malipo yake, safari hii bila kucheka nao, na ikatosha. Daktari alisema mfupa umekaa vizuri. Mama alifundishwa kutembea upya, ameshika fremu ya chuma, akipiga hatua kama mtu anayekanyaga matope.

Siku moja, wodini, Msusi alikuwa akimchana. Nywele za Mama zilikuwa chache sasa, laini kama za mtoto.

"Hakuna habari?" Mama aliuliza.

"Hakuna."

Mama alitazama ukutani. "Mimi zile hela sikuwa nikizisubiri. Mlidhani nazisubiri. Nilikuwa nasubiri simu. Akituma lazima apige, aniulize kama zimefika, kisha anaanza kunichekesha. Ningejua, ningemwambia usitume, piga tu. Nami nikawa namtangaza kila mahali. Nani angeweza kusema hana, mama yake anapiga tarumbeta namna ile?"

"Si wewe, Mama. Mimi ndiye niliyesema."

Alingoja Mama akatae. Alingoja aambiwe, hapana mwanangu, ulikuwa umebanwa. Mama alimpapasa mkono uliokuwa umeshika kitana, akaupapasa kwa mapenzi ya kweli, na hakusema kitu.

Walikuwa wamesharudi nyumbani, na Mama ameanza kutembea na fimbo moja, simu ilipoita kwa namba isiyojulikana. Ilikuwa Jumapili, saa za asubuhi. Msusi aliipokea, mikono imejaa povu la sabuni.

"Halo?"

"Shikamoo, dada."

Kitinda hakuwa na desturi ya kumwamkia hivyo. Tangu utotoni alikuwa akimvamia na maneno, salamu baadaye au hata isiwepo, mpaka Mama akawa anamkemea kwamba huyo ni dada yako, si rika lako.

"Marahaba," alisema. "Uko wapi? U mzima? Umekula?"

"Mzima. Nimepata kazi, ya kufua mashuka hotelini. Ni ndogo, lakini ipo." Nyuma yake kulisikika mashine zikinguruma. "Nilisikia Mama alifanyiwa operesheni."

"Ilikwenda vizuri. Anatembea. Kitinda, ndugu yangu, sikiliza. Siku ile..."

"Dada."

"Siku ile niliona umeingia. Nilikuona, na bado nikasema. Nisamehe."

Mashine zilinguruma kidogo. Alipojibu sauti yake ilikuwa ya upole na ya heshima, sauti ambayo mtu humpa karani aliyemhudumia vizuri.

"Hamna neno, dada. Wewe umenisaidia sana, nakushukuru. Mpe Mama simu."

Alimpelekea Mama chumbani. Mama alishika simu kwa mikono miwili, na haukupita muda akaanza kucheka, kile kicheko cha kukatika pumzi ambacho nyumba haikuwa imekisikia kwa kitambo. Fundi bomba alitoka uani kuja kuangalia kuna nini, naye akabaki mlangoni akitabasamu.

Msusi alikaa ukumbini, akingoja simu irudi kwake. Waliongea sana. Kisha akamsikia Mama akisema, haya baba, haya, Jumapili nyingine. Na baada ya hapo kimya.

"Amekata?" aliuliza kutoka alipo.

"Amekata," Mama alijibu. "Anakusalimia."